Jinsi Bahari Ilivyojifunza Kutembea

Kuna enzi bahari haikujua kutembea. Ilikaa pale pale ilipowekwa, imejaa hadi kwenye mizizi ya minazi, asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Mawimbi yalikuwapo, lakini yalipigapiga mahali pamoja, kama mtu anayetikisa mguu akiwa ameketi. Huu mchanga mpana mnaoukimbilia leo na kuchora majina yenu juu yake, hakuna aliyewahi kuukanyaga. Ule mwamba wa kule mbali, hakuna aliyejua kwamba upo. Hata neno pwani halikuwapo, kwa sababu maji yalikuwa hayajawahi kupwa. Watu walisema tu "ukingoni", na wakilisema walishusha sauti.

Siku hizo watu waliishi na bahari kama unavyoishi na jirani tajiri asiyezoeleka. Waliiendea wakiwa na haja. Mwenye kutaka chumvi aliteka maji akaenda kuyachemsha. Mwenye kutaka samaki alitupa ndoana kutoka jiweni, akapata au akakosa, akaondoka. Nyumba zote zilijengwa milango ikielekea bara, na bahari ikapewa mgongo. Kuja kuitazama tu, bila ndoo wala ndoana, lilikuwa jambo ambalo halijamjia mtu akilini.

Lilimjia Mghoi kwanza, na yeye hakuwa hata mtu wa huku.

Mghoi alikuwa bibi wa milimani, mwendo wa siku nne kutoka baharini, kule ambako ukungu hulala mashambani hadi jua liuamshe. Alikuwa mjane, na goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu alipoteleza akitoka kisimani, kwa hiyo alitembea kwa namna yake: hatua, hatua, hatua, kisha anasimama kidogo. Lakini kijijini hakujulikana kwa goti. Alijulikana kwa maswali. Watu wengine wakizeeka huanza kujibu. Yeye alizidi kuuliza. Aliuliza nyuki anajuaje mzinga wake kati ya mizinga kumi. Aliuliza ni nani aliyekula uyoga wenye sumu mara ya kwanza, na wenzake walijuaje kwamba kilichomuua ni uyoga wala si kitu kingine.

Alikuwa na mwana mmoja, Mwadime, ambaye kila mwaka baada ya mavuno alishuka baharini kuleta chumvi. Kila aliporudi, kabla hajatua mzigo, mama yake alikuwa mlangoni.

"Ikoje?"

"Ni maji, Mama."

"Kama ya mtoni?"

"Mengi zaidi."

"Na ng'ambo yake?"

"Haionekani."

"Na chini?"

Hapo Mwadime aliutua mzigo. "Mama, mimi nilifuata chumvi," alijibu, na mwaka uliofuata akajibu hivyo hivyo. Mghoi alilipokea jibu hilo kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka wa kumi na mbili, mavuno yalipokwisha kuingia ghalani, alifunga kifurushi chake na kutangaza kwamba mwaka huu wanashuka wote, na wakifika watakaa siku saba.

Majirani walikuja kumuuliza anakwenda kutafuta nini.

"Nakwenda kutazama," alisema.

"Kutazama nini?"

"Ningekuwa nakijua, ningekifuata cha nini?"

Mkamburi, mke wa Mwadime, hakulipenda wazo hilo mwanzoni. Aliwaza mbuzi, aliwaza kuku, aliwaza nyumba itakayobaki tupu. Lakini mama mkwe wake alipomwambia kwamba kwa siku saba hakutakuwa na jembe wala kinu wala jiwe la kusagia, Mkamburi, ambaye tangu aolewe hakuwahi kuketi mchana mzima, alifunga mizigo yake na ya wengine. Na mtoto wao Wakesho, msichana wa miaka saba mwenye pengo la meno mawili ya mbele, hakuhitaji kushawishiwa. Aliyarithi maswali ya bibi yake.

Walisafiri siku tano badala ya nne, kwa sababu ya goti. Siku ya tano, walipokuwa wakitoka nyikani, Mghoi alisikia mvumo akadhani ni upepo mitini, ila miti ilikuwa imetulia. Kisha juu ya vichaka akaona mstari wa buluu, mrefu, ulionyooka.

"Mlima ule unaitwaje?" akauliza.

Mwadime akacheka. "Huo si mlima, Mama. Ndiyo yenyewe."

Mghoi aliketi papo hapo njiani, juu ya kifurushi chake. Wakesho naye akaketi. Walikaa hivyo hadi Mkamburi akawakumbusha kwamba bado hawajafika.

Walifikia kwa Mbodze, mwanamke aliyechemsha chumvi, ambaye Mwadime alikuwa mteja wake wa miaka yote. Mbodze alizaliwa ukingoni na alizeekea ukingoni. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Aliwapa banda lililokuwa wazi nyuma ya tanuri lake, akawachomea samaki, akawakaribisha kwa moyo mmoja. Lakini aliposikia kwamba hawakuja kununua chochote ila kukaa, alimtazama Mwadime kama anayemuuliza kama mama yake ni mzima.

Basi wakakaa. Mkamburi alilala. Alilala usiku kama watu wote, akaamka akala, akalala tena, na hakuna aliyemwamsha. Mwadime na Wakesho waliokota makombe yaliyotupwa na mawimbi kati ya mizizi ya minazi, wakayapanga kwa ukubwa. Mghoi alijitafutia gogo la mnazi karibu kabisa na maji, akaketi uso ukielekea baharini, na hapo ndipo alipoishi kutwa.

Siku ya pili Mbodze alishindwa kuvumilia. Alimfuata akiwa na upawa wake mkononi.

"Mgeni wangu, mbona unaikodolea macho hivyo? Sisi hatuitazami."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatuitazami."

"Na wewe hujawahi kutaka kujua chini yake kuna nini?"

Mbodze aligeuza uso kama aliyesikia neno la aibu. "Ya chini ni yake mwenyewe. Mtu hamuulizi mwenzake amevaa nini ndani."

Mghoi alicheka, akakubali kwamba hilo nalo ni neno. Lakini hakuondoka pale gogoni. Siku ya tatu alianza kuisalimu bahari, asubuhi na jioni, kama unavyomsalimu mtu mnayekutana naye kisimani hata kama hajibu. Alichovya kiganja, akaionja, akatema, akasema, "Habari za kuamka?" Bahari haikujibu.

Siku ya nne asubuhi ilijibu. Sauti yake ilikuwa nzito, ikitokea kwenye kokoto zinazosuguana chini ya maji.

"Wewe unataka nini? Chumvi au samaki?"

Mghoi alishtuka, lakini alikuwa amesubiri miaka kumi na miwili, hakuwa tayari kupoteza nafasi kwa kushtuka. "Vyote nimepewa na mwenyeji wangu," alisema. "Nimekujia kukujulia hali."

Wimbi moja lililokuwa njiani likasahau kuvunjika.

"Sijawahi kuulizwa," ilisema bahari.

"Basi nimeuliza. Na kama huoni vibaya, ningependa kujua umebeba nini huko chini. Ikiwa ni siri, niambie ni siri, nitakoma."

"Si siri," ilisema bahari. "Hakuna aliyeuliza."

Kisha ikavuta pumzi. Kwa pumzi hiyo moja ilikunja nguo yake, kama mwanamke anavyokusanya leso yake akitaka kuvuka tope, ikajiondoa yote ukingoni, ikaenda kusimama nyuma ya mwamba. Ilirundikana huko kama kilima cha kijani. Mahali ilipokuwa, hadi macho yanapofika, palibaki pameachwa wazi, panametameta juani, na maji yaliyosahauliwa yakitiririka huku na huku yakitafuta njia.

Mghoi alimshika Wakesho mkono, wakashuka.

Kwanza palikuwa na mchanga wenye mikunjo, mgumu chini ya nyayo, kana kwamba mtu ameupiga chapa kwa vidole. Baadaye yakaja malisho ya majani ya kijani yaliyolala upande mmoja. Kisha mawe ya matumbawe, na katikati ya mawe, madimbwi. Ni madimbwi yaliyomponza Mghoi. Katika dimbwi la kwanza kulikuwa na samaki wadogo wa buluu wasiozidi ukubwa wa ukucha. Katika la pili kulikuwa na jongoo wa bahari mnene kama mkono wa mtu, amelala bila kujali lolote. Katika la tatu kulikuwa na kiumbe chekundu chenye mikono mitano, na ncha zake zimechongoka, hakina kichwa wala mkia. Wakesho aliuliza kinaangalia upande gani, na bibi yake akakiri kwamba hilo ni swali zuri na hana jibu lake. Kwenye dimbwi kubwa karibu na mwamba walimkuta pweza. Aliwaona. Alikuwa wa kahawia, akawa mwekundu, akawa wa rangi ya mchanga, akawa kama hayupo. Mghoi aliinama juu ya dimbwi hilo hadi mgongo ukamuuma, na hakujua kwamba unamuuma.

Nyuma yao, watu wa ukingoni walikuwa wametoka nyumbani, maana walisikia kimya ambacho hawakuwahi kukisikia. Mwanzoni waliogopa. Halafu mmoja akaona samaki mkubwa akirukaruka mchangani, akamkimbilia. Wa pili akarudi kuchukua kikapu. Kabla jua halijafika utosini, kijiji kizima kilikuwa chini na vikapu, wanapindua mawe na kufukua mchanga, hawachagui kikubwa wala kidogo. Mwadime alisimama kati yao asijue ashike nini. Mbodze peke yake alibaki juu kwenye mizizi ya minazi, upawa mkononi. Baadaye naye akashuka, taratibu, akatembea hadi kwa kile kiumbe chenye mikono mitano, akasimama hapo. Hakukigusa. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kilikuwa kimeishi hatua mia mbili kutoka jikoni kwake.

Mghoi alikuwa ameshafika mwambani alipokanyaga kitu cheusi, cha mviringo, chenye miiba mirefu kama ya nungunungu. Miiba ikamwingia unyayoni, akaketi chini kwa maumivu. Alipokuwa ameketi hivyo ndipo alipoangalia vizuri. Majani yaliyokuwa yamelala sasa yalikuwa yamekauka kingo. Lile dimbwi la pweza lilikuwa limebaki maji ya kujaza bakuli. Pweza alikuwa amepauka na habadiliki tena rangi. Pembeni yake, samaki wawili wa buluu walikuwa wamelala ubavu, vinywa vikifunguka na kufumba.

"Bibi, wanasema nini?" aliuliza Wakesho.

"Wanatafuta maji."

Katika maisha yake yote aliamini kwamba swali halijamuua mtu. Sasa aliwatazama wale samaki wawili, akaelewa kwamba swali lake ndilo lililowalaza pale, na kwamba kila alipochelewa kushangaa dimbwi hili au lile, jua lilikuwa likifanya kazi yake.

Aligeukia kile kilima cha kijani nyuma ya mwamba. "Nimeona," alisema. "Nakushukuru. Sasa rudi nyumbani."

"Siwezi," ilisema bahari, na sauti yake ilitetemeka. "Niliondoka kwa pumzi moja, nitarudi kwa pumzi moja. Sijui njia nyingine. Nanyi mmejaa nyumbani kwangu."

"Nikiwaita watoke?"

"Wale wenye vikapu? Watatoka vikapu vikijaa. Watoto wangu hawataishi hadi hapo. Na wewe huwezi hata kusimama."

Ilikuwa kweli. Mghoi aliutazama mguu wake, akamtazama mjukuu wake, akalitazama dimbwi. Mwendo wa kurudi ukingoni ulikuwa mrefu kuliko shamba lolote alilowahi kulima.

"Hujawahi kutembea?" aliiuliza bahari.

"Sijawahi."

"Si kazi ngumu. Hata mimi natembea, na unaniona nilivyo. Nitatangulia, wewe nifuate. Nikipiga hatua, piga hatua. Nikisimama, simama. Usinipite."

"Na ukianguka?"

"Utanisubiri niinuke."

Kisha akamgeukia Wakesho, akamwambia akimbie kwa baba yake, awaambie watu wote watoke, na chochote kilicho hai wakiache. Wakesho alishika nguo ya bibi yake kwa mikono miwili, hakutaka kuiachia.

"Nenda, mjukuu wangu. Mimi nina wa kunisindikiza."

Mtoto akaenda, akigeuka kila baada ya hatua chache. Mghoi akainuka kwa kujishika kwenye jiwe, akaupa mwamba mgongo, akaanza. Hatua, hatua, hatua, akasimama. Nyuma yake maji yalipita juu ya mwamba, yakafika visiginoni mwake, yakateleza yakarudi nyuma. Bahari haikuwa na mazoea. Kila ilipopiga hatua mbele iliteleza nyuma nusu hatua, kama mtoto anayesimama dede. Ndivyo inavyotembea hadi leo. Kaeni ukingoni mtaona, inakuja, inateleza, inakuja tena.

Mghoi aliogopa, msidhani hakuogopa. Aliusikia uzito wote ule ukijizuia nyuma yake, na alijua ukimsukuma mara moja tu basi. Kwa hiyo akafanya alichokijua. Aliuliza. Aliiuliza bahari samaki hulala saa ngapi. Aliiuliza kama chumvi ilikuja nayo au ilipewa. Bahari, ambayo haikuwahi kuzungumza na mtu, ilijibu kwa urefu, na ilipokuwa ikijibu ilisahau haraka yake. Mara moja ilijisahau upande mwingine, ikamfika kiunoni, naye akasema, "Polepole, dada," ikashuka. Walipopita kwenye dimbwi la pweza, maji yakaingia. Pweza alikaa kitambo hivyo hivyo, amepauka. Kisha akawa mwekundu, akaondoka. Samaki mmoja wa buluu aliinuka akaogelea. Wa pili hakuinuka, na Mghoi alimwona.

Mchangani, Wakesho alikuwa amefika na pumzi zimemwishia. Watu walimsikiliza wakacheka. Mtoto wa wageni, tena mwenye pengo, ndiye wa kuwaamuru waache riziki? Hapo Mbodze alitoka alipokuwa amesimama, kando ya kile kiumbe. Alipita kwa mtu mmoja mmoja, akigonga kila kikapu kwa upawa wake.

"Mwenye nyumba anarudi," aliwaambia. "Tokeni. Mwageni vilivyo hai, mtoke."

Walimfahamu Mbodze, na hawakuwahi kumsikia akisema jambo lolote kuhusu bahari. Wengine walimwaga, wengine walificha, lakini wote walitoka. Maji yalikuja taratibu kiasi kwamba waliona haya kuyakimbia, ila kila walipogeuka yalikuwa yamesogea.

Mwadime hakungoja. Alikimbia kuyaelekea maji hadi alipomkuta mama yake nusu ya njia, uso umepauka kwa maumivu, midomo ikisogea kama anayeota. Hakuuliza kitu. Alimtia mgongoni akageuka na kukimbia. Alikuwa kijana mwenye nguvu aliyezoea kubeba chumvi milimani, na mama yake hakuwa mzito kushinda chumvi. Naye alivyokimbia, bahari ikakimbia. Ilikuwa imeambiwa ifuate, ikafuata. Mghoi aliangalia nyuma juu ya bega la mwanawe, akaona maji yote yameinama mbele.

"Mwadime, punguza mwendo."

"Mama, inatufuata."

"Inatufuata kwa sababu nimeiambia itufuate. Ukikimbia itakimbia, na ina miguu mingi kuliko wewe. Punguza."

Mwadime alisimulia baadaye kwamba katika maisha yake hakuwahi kufanya jambo gumu kama lile. Maji yalikuwa mbavuni, ukingo ulikuwa mbele yake unaonekana, mkewe na mwanawe wako huko, na mwili wake wote ulimwambia kimbia. Alipunguza. Alihesabu hatua kwa sauti ili asizizidishe. Nyuma yake bahari nayo ikapunguza, maji yakamshuka hadi mapajani. Nguvu zilipomwishia, wakiwa karibu na minazi, alimtua mama yake, na Mghoi akaimaliza njia kwa miguu yake mwenyewe: hatua ndogo, akasimama, hatua ndogo, akasimama. Alipoishika mizizi ya mnazi wa kwanza, bahari nayo ilifika, ikagusa mizizi hiyo hiyo, ikatulia.

Kwa hiyo maji ya kujaa hayana mwendo mmoja. Waulizeni wavuvi. Yanaanza kwa kusitasita, yakifika katikati yanakwenda mbio, na yakikaribia juu yanazembea tena. Yanaufuata mwendo ule ule wa siku ile.

Mbodze alimlaza Mghoi barazani kwake, akaleta utomvu wa papai bichi na kuupaka unyayoni, miiba ikalainika akaitoa mmoja mmoja. Ndipo Mkamburi alipotoka bandani akijinyoosha, uso una mikunjo ya mkeka. Alimkuta mama mkwe wake na mguu mapajani mwa Mbodze, mumewe amelowa hadi shingoni, na kijiji kizima kimesimama kimya kinatazama baharini.

"Kuna nini?" aliuliza.

Hapo kwanza wote wakacheka, hata wale walioficha vikapu. Kisha Mkamburi aliposimuliwa, hakucheka hata kidogo. Alimkumbatia mtoto wake, akamkumbatia kwa muda mrefu, halafu akasema kwa huzuni ya kweli kwamba amefunga safari ya siku tano, na kitu chenyewe kimempita amelala.

Bahari ilimsikia. Mghoi naye alimsikia, na kabla jua halijatua walikuwa wamekwisha kuelewana, bibi na bahari. Bahari ilisema kwamba tangu iwekwe pale haikuwahi kuonyesha mtu vitu vyake, na imeona raha, ijapokuwa imepoteza baadhi. Ingependa kufungua tena, lakini sasa kwa kutembea, kwenda na kurudi, ili madimbwi yasikauke na watu wapate muda wa kutoka. Mghoi alikubali kwa niaba ya watu: watashuka kutazama, na wakichukua, wachukue cha kutosha chungu cha siku hiyo, na maji yakifika kwenye vifundo vya miguu watageuka warudi bila kubishana. Na bahari ikakubali kufungua mara mbili kila siku, mara moja kwa wanaoamka mapema na mara moja kwa watu kama Mkamburi.

Siku zilizobaki walishuka wote wanne, na Mbodze wa tano. Bahari ilisubiri kila siku hadi Mghoi afike majini ndipo ianze kutoka. Lakini Mghoi sasa alichechemea miguu yote miwili, na kila siku alikuta njiani kitu kipya cha kukiinamia, kaa akitupa mchanga nje ya shimo lake, au alama za ndege. Leo alichelewa kidogo, kesho akachelewa kidogo zaidi ya leo. Bahari ikazoea. Ndiyo maana hadi sasa hamwezi kuipangia saa moja ya kila siku. Ikianza kutoka leo jua likiwa hapa, kesho itaanza limesogea.

Siku ya saba walifunga mizigo. Mghoi aliiaga bahari, akaiambia kwamba akijaliwa atarudi, ama mwezi ukiandama, ama ukiwa mpevu, maana watu wa milimani hupanga safari zao ziishie siku hizo. Alirudi mwaka uliofuata, na miaka mitatu baada ya huo. Mwaka wa tano alikuja Mwadime na mkewe na Wakesho, bila yeye. Wakesho ndiye aliyekwenda gogoni kuiambia bahari. Alisema maneno yote kama alivyofundishwa na baba yake. Bahari ilimsikiliza hadi mwisho, kisha ikamuuliza bibi yake anakuja mwezi gani, na Wakesho hakuwa na moyo wa kurudia.

Kwa hiyo tangu siku hizo, kila mwezi unapoandama na kila unapokuwa mpevu, bahari hujikunja kuliko siku zote, hutoka hadi nyuma ya mwamba na kuacha kila kitu wazi, madimbwi yote, kama mtu anayemtandikia mgeni. Wavuvi huyaita maji hayo bamvua. Siku za katikati, ambazo hakuna anayetazamiwa, hutoka kidogo tu na kurudi, na hayo huitwa maji mafu. Na watu wa ukingoni walianza kuziwekea nyumba milango ya upande wa pili, Mbodze wa kwanza, wakaiita nchi yao pwani.

Leo mwezi ni mpevu. Ikifika saa nne asubuhi maji yatakuwa mwambani. Vaeni viatu, kuna miiba. Mwenye swali aulize tukiwa huko huko, na yakifika kwenye vifundo vya miguu, tunageuka.